Mgonjwa wa Nani

Mashine ya kusagia lenzi ilikata roho mchana kweupe, kwa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Mwenye duka la miwani akaizunguka akiigongagonga ubavuni kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyehama.

"Nendeni makwenu," akasema hatimaye. "Macho ya watu yatasubiri."

"Yamezoea," akajibu binti aliyekuwa ameiinamia mashine hiyo tangu asubuhi, na wenzake wakacheka. Alivua aproni yenye vumbi la vioo, akajinyoosha polepole, kiganja kimoja kiunoni, kama wafanyavyo wanawake wenye umri mara mbili ya wake.

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho wa mama yake. Alipokuwa mdogo jina hilo lilikuwa la kudekezwa. Siku hizi lilikuwa kazi. Tangu Mama alipoangushwa na kiharusi, mwaka wa pili huu, Kaka Mkubwa alikuwa na mke, watoto na sababu. Kitinda alikuwa na Mama. Yeye ndiye aliyemwinua kitandani alfajiri, akamwogesha, akamkalisha kwenye kiti cha dirishani na kumwachia chakula pale mkono wake ulipoweza kufika. Jioni yeye ndiye aliyemkumbatia kifuani na kumrudisha kitandani, akihisi kila mara kitu kidogo kikichanika mgongoni mwake.

Leo, akitembea kurudi nyumbani kabla ya saa zake, aliwaza jambo moja tu. Jioni hii angetakiwa kutoa jibu.

Mwenye kulisubiri jibu hilo alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali kumfundisha Mama kutembea upya. Majirani walimwita Mnyooshaji. Mama alimwita Mwalimu kwa sababu alimhesabisha hatua kama mtoto wa chekechea. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na hakuanza kazi kabla ya kuuliza maswali yake matatu: mwili umeamkaje, akili imeamkaje, roho imeamkaje. Aliamini kwamba mtu huanguka kwa yote matatu na huinuka kwa yote matatu, na kwamba anayetibu mguu peke yake hupaka rangi ukuta wenye nyufa.

"Mwili upo," Mama alikuwa akimjibu. "Akili ipo. Roho imetoka kidogo, itarudi ukishaondoka."

Siku moja, alipokuwa akifungasha mpira wake wa mazoezi, alimgeukia Kitinda mlangoni. "Na wewe je? Umeamkaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Kitinda alifungua kinywa ajibu kwa utani, yakatoka machozi. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye kizingiti, yeye akilia kwa aibu na Mnyooshaji akiwa ameshika mpira mkubwa wa buluu asijue auweke wapi ili aweze kumshika mkono.

Mnyooshaji alipokuja kuposa, Kaka Mkubwa hakukataa. Alifanya vibaya zaidi, aliweka sharti. "Shemeji, sisi si watu wa kuzuia heri. Siku Mama atakapotoka chumbani kwa miguu yake mwenyewe, siku hiyo hiyo mchukue mwenzako. Lakini Mama akiwa vile alivyo, nani atambeba? Mke wangu ana mgongo."

"Na Kitinda hana?" akauliza Mnyooshaji.

"Kitinda ni kijana."

Basi wakangoja miguu ya Mama. Miezi ikapita, na miguu ikagoma. Kitinda, kwa kujipa moyo, aliweka sanduku chini ya kitanda chake, akawa anatia nguo moja moja. Hapo ndipo balaa jingine lilipoanza. Nguo aliyoitia sandukuni leo aliikuta kesho kutwa ikining'inia kabatini, imenyooshwa mikunjo. Aliirudisha; ikatoka. Ndani ya nyumba mlikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa hawezi kusimama. Nani basi aliyekuwa akizitoa, kama si yeye mwenyewe bila kujijua?

Alianza kujichunguza. Dukani alirudia kupima lenzi aliyokwisha kuipima. Njiani alisimama akijiuliza kama alifunga jiko. Aliomba asipokonywe akili. Kisha, nguo zilipoendelea kutoka, akaacha kuomba, maana aliogopa hata sala zake alikuwa akizisema bila kujua anasema nini. Alimweleza Mnyooshaji hayo yote, wamekaa kwenye benchi la nje ya hospitali.

"Ni uchovu," Mnyooshaji alisema, macho yake yakiwa ardhini. "Lala zaidi. Usijisumbue sana." Akamfundisha namna ya kujinyoosha kiuno asubuhi, magoti yakiwa yamekunjwa, ili aweze kumbeba Mama bila kuumia.

Sasa Kitinda aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, asije akamwamsha Mama kama amesinzia kitini. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Aliangalia sakafuni kwanza, kwa mazoea ya hofu. Kisha akasikia kutoka chumbani kwake sauti ya vitundikio vya nguo vikigongana, na pamoja nayo mtu akiimba taratibu puani.

Mama alikuwa amesimama mbele ya kabati. Hakuegemea kitu. Alikuwa amejiinua kwa ncha za vidole vya miguu, akilitundika gauni la kijani alilokuwa amelitoa sandukuni, na alipomaliza alilipapasa begani kama mtu anayemsafisha vumbi mtoto anayekwenda shule. Akageuka.

Walitazamana.

"Mbona umerudi mapema?" akauliza Mama.

Swali lilikuwa la kawaida kiasi kwamba Kitinda nusura alijibu. "Mama," akasema badala yake. "Umesimama."

Mama aliitazama miguu yake kana kwamba ndiyo iliyomchongea. Akaketi kitandani, si kwa kuanguka kama alivyozoea kuketi mbele ya watu, bali kwa ustaarabu, magoti pamoja.

"Tangu lini?"

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Tangu lini, Mama? Leo asubuhi nimekubeba. Nimekubeba nikiuma meno. Umenisikia."

"Nimekusikia."

"Na nguo?"

"Kila nikiliona lile sanduku limejaa, pumzi inanikaba." Mama alianza kulia bila sauti. "Hukuwepo siku nilipoanguka. Nililala sakafuni jikoni tangu asubuhi mpaka jua likazama. Niliita mpaka sauti ikaisha, nikabaki naita moyoni. Mliponikuta mlisema, afadhali mzima. Tangu siku hiyo sijawahi kuwa peke yangu usiku, kwa sababu sina miguu. Nikiwa nayo, mtaniacha mimi na miguu yangu."

"Nilidhani nimerukwa na akili." Kitinda alisema polepole, kama anayesoma maneno yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. "Nilikuwa naogopa kulala. Ungeniambia tu niache kufungasha. Ningeacha."

"Najua ungeacha. Ndiyo maana sikuweza kukuambia."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari, akapumzika, akaendelea.

"Nani mwingine anajua?"

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akachelewa mno kujibu. Kabla hajafungua kinywa, Kitinda alikwisha kulisikia jibu, na kitu fulani ndani yake kiliketi chini.

"Mwalimu," akasema Mama. "Usimkasirikie. Nilimwapisha."

*

Kaka Mkubwa alifika jioni pamoja na mkewe, ambaye kabla ya salamu alishusha pumzi, akajitupa kitini na kujipepea kwa kiganja.

"Wifi, nyumba yenu ina joto! Au ni posa ndiyo inayotoka jasho?"

Kitinda hakucheka. Wifi akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho, akaacha kujipepea.

Mnyooshaji aliingia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa haraka, mkunjo mmoja umesahaulika mgongoni. Mwanzoni mwa wiki ijayo alitakiwa kuripoti kwenye kituo kipya cha tiba, mji mwingine, na kituo hakikuwa tayari kumngojea tena; jioni hiyo Kitinda alitakiwa kusema kama anafuatana naye au anabaki. Alimtafuta Kitinda kwa macho. Siku zote macho yao yalipokutana palikuwa na kitu kama mlango kufunguliwa. Leo Kitinda alimtazama moja kwa moja, kwa utulivu, kama anavyoitazama lenzi dhidi ya mwanga akitafuta mkwaruzo. Mnyooshaji akaelewa.

"Basi, tusizungukezunguke," akaanza Kaka Mkubwa. "Shemeji, hali unaijua kuliko sisi. Mama hajainuka. Sharti ni lile lile. Mimi ningekushauri utangulie huko, upange mambo yako, Mungu akijalia..."

"Nimeinuka."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani. Alivuka sebule kwa hatua fupi za sawasawa, akapita katikati yao wote, akasimama mbele ya mwanawe mkubwa na kumwekea mkono begani, si kwa kujishikiza.

Kaka Mkubwa akakodoa macho. "Muujiza!" akapaza sauti. "Jamani, muujiza! Mke wangu, unaona?"

"Naona," akasema Wifi, ambaye hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. "Naona na mwenye muujiza anaona haya."

"Nina miguu tangu zamani," akasema Mama. "Niliificha. Mniseme mnavyotaka, lakini si leo. Leo nataka utimize neno lako. Ulisema nikitoka kwa miguu yangu, mtoto aende. Nimetoka. Mwache aende."

Kaka Mkubwa alimeza maswali mengi kwa mkupuo. Lakini alikuwa mtu wa kutunza heshima yake, na neno lake lilikuwa limesemwa mbele ya watu. "Basi," akasema, akijikuna kidevu. "Neno ni neno. Kitinda, bwana wako huyu hapa. Sisi tunasema heri."

Ungedhani ni saa aliyoiota. Mlango ulikuwa wazi, kaka amekubali, mama amesimama, mpenzi yuko hatua chache kutoka alipo, ameinua mikono kidogo bila kujua, kama afanyavyo mbele ya mgonjwa anayejifunza kutembea. Kitinda aliingojea furaha. Aliipa nafasi. Haikuja.

"Naomba niseme naye nje," akasema.

*

Walisimama nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Mnyooshaji ndiye aliyeanza.

"Uliza lolote. Sitakuficha."

"Ulijuaje?"

"Mguu usiotembea hunyauka. Wa kwake ulikuwa unajaa. Nilimuuliza tukiwa wawili, akanishika mkono akalia. Akasema nikifungua mdomo, atalala na hatainuka tena." Akashika ukingo wa pipa. "Nimeyaona hayo kazini. Mwili wake ulikuwa tayari, hofu yake haikuwa tayari. Ukimburuta mtu kutoka kwenye hofu yake, miguu hufa tena, safari hii bila ugonjwa. Nilitaka apone kwa yote matatu. Kila wiki nilisema, wiki hii atajisemea mwenyewe."

"Na mimi, kila wiki nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa..."

"Niliketi na wewe kwenye lile benchi nikakwambia nguo zinatembea. Nilikwambia nikitetemeka. Ulijua nani anazitoa?"

Mnyooshaji hakuupa uongo nafasi. "Nilihisi."

"Ulihisi. Ukaniambia nilale."

"Nilikuwa nimeapa. Mgonjwa akikufungulia siri ya mwili wake, huwezi kuitoa hata kwa..."

"Hata kwa mtu unayemwoa?"

"Hata kwake. Nikianza kuitoa kwako, nitamaliza kwa nani?"

"Unasema kweli," akasema Kitinda, na upole wake ulimtisha Mnyooshaji kuliko ukali. "Mama yangu alikuwa mgonjwa wako. Ukamtunza mwili, ukamtunza akili, ukamtunza na roho. Ulimngoja avuke taratibu, asiumie. Sasa niambie. Mimi nilikuwa mgonjwa wa nani?"

Upepo uliinua shuka kwenye kamba, likawatenganisha, likashuka.

"Mgongo wangu umekwisha kwa kumbeba mtu anayetembea," akaendelea. "Ukanifundisha namna ya kumbeba vizuri. Unakumbuka? Kunja magoti, ulisema. Ulinigeuza mkongojo wake, halafu ukanionyesha mkongojo unavyosimama."

"Nisamehe."

"Usiombe haraka hivyo."

"Nisamehe," akarudia, sasa machozi yakimlengalenga. "Nilikosea hesabu. Niliona wewe una nguvu. Kila nilipokuja ulikuwa umesimama. Nilijisemea, huyu atastahimili, nitamfidia maisha yetu yote. Twende. Huko kuna kazi ya miwani, nimeulizia. Utapumzika. Nitakutunza mpaka uchoke kutunzwa. Nakupenda, Kitinda. Hilo sikuwahi kulificha."

"Najua unanipenda."

Akamwangalia kwa mara ya kwanza kama zamani, na hapo Mnyooshaji akakosea tena, akadhani amesamehewa, akapiga hatua. Kitinda aliinua kiganja, si kwa nguvu.

"Ndiyo inayonitisha. Kama ungekuwa hunipendi, ningesema hukujali, na hilo lina dawa. Lakini ulinipenda, ukaniona nazama, ukaweza kuendelea na kazi yako. Nikiwa nyumbani kwako, siku nitakayokuwa na nguvu zaidi ya mgonjwa mwingine, utaweza tena. Kwa upendo ule ule."

Mnyooshaji alitaka kusema si kweli. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake ulimnyima hata uongo huo mmoja ambao labda ungemwokoa.

"Nitakungoja," akasema.

"Usiningoje. Nimengojwa na watu wa kutosha."

Aliondoka kwa njia ya ubavuni ili asipite sebuleni. Mkunjo ule ulikuwa bado mgongoni mwa shati, na Kitinda alishika mkono wake mwenyewe ili usimwite.

*

Kaka Mkubwa aliposikia alikasirika kama mtu aliyefanya ukarimu ukakataliwa. "Mnatuchezea! Mama ana miguu, mume yupo, mlango wazi, yeye anakataa! Anataka nini huyu?"

"Anataka utoke," akasema Wifi, akimvuta kwa mkono wa shati. Mlangoni alirudi nyuma, akambana Kitinda kifuani kwa haraka, kwa fujo, kisha akamfuata mumewe bila neno.

Nyumba ikabaki na wawili wake. Kitinda aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na meza, mikono mapajani. Mama alisimama, akaketi, akasimama tena, kama asiyejua sasa afanye nini na uhuru wa miguu yake.

"Umemkataa kwa sababu yangu," akasema.

"Hapana, Mama."

"Usinifiche. Mimi ndiye mwenye kosa. Nitamfuata mwenyewe, nitamwambia. Nina miguu."

"Hukukosea wewe peke yako. Kaa."

Mama hakukaa. "Hasira hupoa, mwanangu. Kesho utaamka umemsamehe."

"Nimekwisha kumsamehe. Nilimsamehe pale pale nyuma ya nyumba, kabla hajageuka." Kitinda aliitazama mikono yake, vumbi la vioo likiwa bado kwenye mistari ya viganja. "Nilidhani nikisamehe kitu kitarudi. Nimesamehe, nimesikiliza, hakuna kilichorudi. Wewe pia nimekusamehe. Lakini hata nikikutazama sasa unatembea, Mama, najua ninatakiwa kufurahi. Najua tu."

Mama akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa kupewa kisogo, hata kwa kuachwa. Hili hakulitarajia.

"Huniachi?" akauliza, na mara ile akaona aibu kwa kuuliza.

"Nitakwenda wapi?"

Halikuwa jibu alilokuwa ameliogopa, wala halikuwa alilolitamani. Mama alisimama katikati ya sebule na ushindi wake, mkono mmoja ukikunja na kukunjua ncha ya kitambaa. Kisha, kama watu wote wasiojua la kufanya, akaenda jikoni. Maji yakamiminwa. Kiberiti kikakataa, kikakubali. Kitinda aliwahi kuiombea sauti hii, mama akitembea jikoni. Sasa aliisikiliza kwa masikio tu.

Mama akarudi mlangoni, kijiko mkononi.

"Nakuandalia chai. Unaweka sukari, au unakunywa bila?"

Kitinda alifungua kinywa ajibu. Alijaribu kukumbuka. Kwa muda wote huu alikuwa akinywa kilichobaki kwenye birika baada ya Mama kunywa, kama kilivyobaki, kitamu au kichungu, cha moto au kilichopoa, amesimama, huku akitafuta funguo. Alirudi nyuma zaidi, kabla ya ugonjwa, akapapasa. Kulikuwa na msichana fulani pale aliyependa kitu fulani, na uso wake haukuonekana.

"Sijui, Mama," akasema. "Kweli sijui."